Jua la Kusini lisifuate njia ya gesi

Msimu uliopita wa korosho nilipita kijiji kimoja cha Newala, nikawakuta akina mama kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, ndoo zao za makopa zikiwa foleni, kwa kuwa dizeli ilikuwa imekwisha na mwenye mashine alikuwa ameifuata mjini kwa bodaboda. Uani palianikwa mihogo mingine, ikikaukia jua ambalo lingeweza kuiendesha mashine hiyo.

Sisi wa Kusini mwa Tanzania si wageni wa habari za nishati. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015, miaka miwili baada ya vurugu za Mtwara za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam. Vurugu zile siziungi mkono hata kidogo, maana watu walipoteza maisha. Lakini swali lililokuwa nyuma ya kauli ya "gesi haitoki" lilikuwa halali: mwenyeji anabaki na nini? Jibu kwamba rasilimali ni ya Taifa zima ni la kweli, ila halimsagii mtu unga.

Sasa inazungumzwa nishati ya jua na upepo, na wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni safi basi itakuwa ya haki. Si lazima. Kule Marsabit, Kenya, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365, na bado mwaka 2021 mahakama iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na wenyeji, kuwa hati za ardhi yake ya takriban ekari 150,000 hazikupatikana kihalali. Kinyume chake, huko Ontario, Kanada, jamii 24 za wenyeji wa asili zinamiliki asilimia 51 ya Wataynikaneyap Power, kampuni iliyojenga njia ya umeme ya takriban kilomita 1,800 ili vijiji vyao viachane na majenereta ya dizeli.

Kwa hiyo, mwekezaji wa sola akija Lindi au Mtwara, mkutano mkuu wa kijiji usiishie kuulizwa kuhusu fidia ya mikorosho, ambayo hulipwa mara moja tu. Uulize kijiji kitapata hisa ngapi, ardhi itakodishwa kwa miaka mingapi, na nguzo ya kwanza itasimamishwa wapi. Mimi ningependekeza isimamishwe kwenye kibaraza kile cha mashine.