Nyerere, kura na utumishi: alichotuamini nacho na alichotunyima

Uchaguzi wa 2020 nilifika kituoni asubuhi mapema, nikapanga foleni, nikafika mezani nikakabidhiwa karatasi mbili. Nikazigeuza geuza, nikamuuliza dada aliyenipa, ya mbunge iko wapi? Akanijibu kwa upole tu, huku mbunge amepita bila kupingwa kaka, we piga ya rais na ya diwani basi. Mgombea wa upinzani fomu yake ilikuwa imekataliwa, wakasema haikujazwa sawasawa. Nikaweka tiki zangu mbili nikatoka, na wino kidoleni, lakini yule mtu atakayekwenda Dodoma kuongea kwa niaba yangu miaka mitano sikuulizwa chochote kumhusu. Iliniuma sana na mpaka leo inaniuma.

Toka siku ile nimekuwa nikirudi kwa Mwalimu Nyerere, kwa sababu hili tatizo la kupita bila kupingwa yeye alilikuta miaka 60 nyuma na alijaribu kulitibu kwa njia yake, na dawa yake ndo hiyo mpaka leo watu wanabishania, wengine wanasema alituua kisiasa wengine wanasema alitulea. Mimi naona ukimsoma kwenye kura peke yake humwelewi, na ukimsoma kwenye utumishi peke yake humwelewi vilevile. Kwake hivi vitu vilikuwa vinashikana, kimoja kinaziba pengo la mwenzake.

Tuanze Tabora, Januari 1958. Mkoloni alileta uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja, usipojaza wote watatu kura yako imeharibika, na hata kuandikishwa kwenyewe ilitaka uwe na kipato au elimu au cheo fulani. Wanachama wengi wa TANU, chama cha Nyerere kilichokuwa kinadai uhuru, walitaka kususia na kwa kweli walikuwa na haki, maana mfumo ule ulikuwa unasema Wazungu wachache wana uzito sawa na mamilioni ya watu weusi. Nyerere akasimama akawageuza. Hoja yake kwa kifupi ilikuwa kwamba ukikaa nje viti vinakaliwa na wengine, ukiingia unaweza kuuvunja mfumo ukiwa ndani. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka akaenda kuanzisha African National Congress yake.

Nani alikuwa sahihi? Kwa kanuni Mtemvu, hilo silipingi. Kwa matokeo Nyerere, kwa sababu TANU na wale iliowaunga mkono wa rangi zote walizoa viti, na ule utaratibu wa rangi haukudumu. Lakini angalia kitu hapo, Mwalimu kura kwake ilikuwa chombo cha kufikia mahali, hata kama ina ufa unaitumia tu. Mtu mwenye mtazamo huo anaweza kukomboa nchi, ndiyo, ila mtu huyohuyo siku akiona chombo hakimfikishi anakotaka anaweza kukichonga upya kwa mikono yake.

Na alikichonga. Uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo wagombea walipita bila kupingwa. Mwaka 1962 kwenye urais alishindana na Mtemvu yuleyule akapata zaidi ya asilimia 98. Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Una chama ambacho nchi nzima iko ndani yake, vyama vingine kisheria vipo ila havina watu, na matokeo yake mwananchi wa kawaida hapigi kura kabisa ya mbunge kwa sababu hakuna mpinzani, akishateuliwa na chama kwisha kazi. Nyerere aliliona hilo kama kasoro kubwa na akasema basi, kama ushindani kati ya vyama haupo, tuuweke ndani ya chama. Hapo ndipo ukaja mfumo wa chama kimoja wa 1965, na kabla sijausema vibaya niueleze ulivyokuwa maana wengi wanaoutukana hawajui ulifanyaje kazi, na wengi wanaousifia pia hawajui.

Mkutano mkuu wa wilaya wa TANU ulikuwa unawapigia kura waombaji, halmashauri kuu ya taifa inachuja inabakiza wawili, halafu hao wawili wanapelekwa kwa wananchi. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Hawafanyi kampeni kila mtu kivyake, wanapandishwa jukwaa moja, mkutano mmoja unaosimamiwa na chama, anaongea huyu anaongea yule, Kiswahili tu, kilugha marufuku, kabila na dini marufuku. Watu wakabaki kubishania alama zenyewe, wa jembe anawaambia jembe ndilo linalolisha na bila jembe hiyo nyumba hujengi, wa nyumba anawaambia ukitoka kulima utalala wapi. Inachekesha lakini fikiria, huyu mgombea hana fedha za kumwaga, hana gari la matangazo, hana kabila la kulichochea, amebaki yeye na maneno yake mbele ya watu wanaomjua. Ukiniambia kampeni zetu za sasa ni bora kuliko hapo nitakubishia mchana kutwa.

Na kura zile ziliuma kwelikweli. Paul Bomani, waziri wa fedha, mtu mzito kabisa wa ushirika kule Kanda ya Ziwa, aliangushwa Mwanza. Bibi Titi Mohamed, mama aliyezunguka nchi nzima kuwaingiza wanawake TANU, aliangushwa Rufiji. Wabunge wengi tu walikwenda na maji. Niambie toka tuanze vyama vingi ni mara ngapi tumeona waziri wa fedha anapigwa chini na wapiga kura wa jimbo lake.

Ila sasa upande wa pili. Bomani aliangushwa, halafu akaendelea kuwa waziri, akapewa mipango ya maendeleo. Wananchi wa Mwanza walisema hapana na serikali ikasema tumesikia ila tunaye. Kwa urais ndo kabisa, mgombea alikuwa mmoja na wewe unasema ndiyo au hapana, watu wakazoea kusema Mwalimu anashindana na kivuli. Na nyuma ya yote hayo kulikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962, mtu anafungiwa bila kushitakiwa mahakamani, kwahiyo anayetaka kusema mfumo wenyewe haufai alijua anachocheza nacho.

Na hapa ndipo naona kosa lake kubwa, kubwa kuliko hata kizuizini kwa maoni yangu. Aliwaamini wananchi kumchagua mtu lakini hakuwaamini kuchagua njia. Mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba kuhamia vijijini si hiari tena na ikapangwa mpaka 1976 wote wawe wamehamia, mkulima aliyekuwa anabomolewa nyumba yake na kupakiwa kwenye lori na vyungu vyake alikuwa na haki ya kumwangusha mbunge 1975, sawa, akamwangusha akamleta mwingine wa chama kilekile mwenye sera ileile, lori likaendelea. Hiyo ni haki ya kupiga kura ambayo haiwezi kulisimamisha lori. Watetezi wake wanasema nia ilikuwa njema, shule, zahanati, maji karibu, na ni kweli vijiji vingi vilipata hivyo vitu. Lakini jembe au nyumba, hakukuwa na alama ya "sitaki kuhama".

Sasa kwa nini mtu mwenye akili kama ile aliona hii inatosha? Jibu langu ni utumishi. Nyerere alijua kabisa kwamba amewanyima watu uwezo wa kukitoa chama madarakani, kwahiyo akatafuta kitu kingine cha kuwabana viongozi, akasema kama mwananchi hawezi kumfukuza mtawala basi mtawala asiwe na cha kutafuta pale juu.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya lazima, maana walitakiwa watumikie miaka miwili na sehemu kubwa ya muda huo wawe kazini wanalipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wakabeba mabango, mengine yanasema afadhali ukoloni. Nyerere akakasirika sana, akawarudisha makwao karibu 400, na palepale akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na vigogo wengine nao wakakatwa. Mimi hili tukio linanipa shida mpaka leo. Kufukuza vijana 400 kwa sababu wamesema wasichokubali ni ubabe, hatuwezi kuuita jina jingine. Lakini walipomwonyesha kwamba mishahara ya wakubwa ni minono na wao ndo wanaambiwa wajitolee, hakujitetea, alianza na wa kwake. Ni kiongozi gani unamjua aliyepigiwa kelele kuhusu mshahara akaupunguza siku hiyohiyo?

Miezi michache mbele, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha na ndani yake masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo la nyumba ndo liliwachoma wengi, kwa sababu wengi walishajenga na wengine walikopa kujenga. Wapo waliokimbilia kuandikisha mali kwa jina la watoto. Bibi Titi alikuwa na nyumba zake za kupangisha na mwaka huohuo akajiuzulu Kamati Kuu. Na kusema kweli namwelewa, mwanamke wa zama zile asiye na digrii, ubunge ameshaupoteza, kodi ya nyumba ndiyo pensheni yake, unamwambia achague. Sheria iliyotungwa kumbana bwanyenye ilimkamata na yeye. Wanaosema masharti yale yalikuwa makali kupita kiasi na yalifundisha watu kuficha wana hoja, sitaidharau.

Lakini angalia kilichofuata yalipoondolewa. Nyerere aliacha uenyekiti wa CCM, chama kilichorithi TANU, 1990, na Februari 1991 halmashauri kuu ikakaa Zanzibar ikalegeza masharti yote, kiongozi sasa ruksa mshahara wa pili, hisa, ukurugenzi, nyumba. Mwananchi hakuulizwa. Mwaka 1992 vikaja vyama vingi, na hata hapo Tume ya Jaji Nyalali ilikuta kama asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, Nyerere mwenyewe ndiye aliyekuwa anasema tubadilike na wachache wasikilizwe, jambo ambalo ukilitazama vizuri linashangaza kwa mtu aliyeujenga ule mfumo kwa mikono yake. Mwaka 1995 ikatungwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma, ambayo inamtaka kiongozi atangaze mali zake, siyo asiwe nazo.

Kwahiyo hesabu yangu ni hii, mfumo wa zamani ulimnyima mwananchi kura kamili ukamlipa kwa kumbana mtumishi. Mwaka 1991 bano likaondolewa. Kilichotakiwa ni kumpa mwananchi kura kamili ili ambane mwenyewe, na hicho kikaja nusu. Matokeo ya urais yakishatangazwa na tume, katiba ibara ya 41 inasema hakuna mahakama ya kuyachunguza. Uchaguzi wa serikali za mitaa 2019 chama tawala kilichukua zaidi ya asilimia 99 baada ya wapinzani kuenguliwa kwa wingi na vyama vyao kujitoa. Yaani 2019 na 2020 tulirudi kwenye ile kasoro ya 1960 ambayo Mwalimu aliiona kasoro, na safari hii hata jembe na nyumba hatukuwa nayo.

Na ukitaja mgombea binafsi, yaani asiye na chama, ambaye sheria yetu haimruhusu, kuna watakaonijibu kwamba mgombea lazima adhaminiwe na chama ili kuwe na nidhamu, mtu binafsi atamwajibikia nani, atanunuliwa na matajiri, ataleta ukabila. Hoja ya matajiri naiogopa kweli, siyo ya kupuuza. Ila Nyerere mwenyewe, yule wa chama kimoja, uzeeni alisema wazi kwamba kumkatalia raia kugombea kwa sababu tu hana kadi ya chama ni kumnyang'anya haki yake. Mchungaji Mtikila akaipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikamkubalia 1994, Bunge likabadili katiba kuiziba, akarudi tena Mahakama Kuu ikamkubalia 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2010, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha na Juni 2013 akashinda, nchi ikaambiwa irekebishe. Mtikila alifariki 2015 ibara zenyewe zikiwa vilevile.

Na ile 1960, viti 70 kati ya 71, kile kimoja kilikuwa Mbulu. Herman Sarwatt, mwana TANU ambaye chama kilimpendelea mtu mwingine, akasimama mwenyewe bila chama, watu wa Mbulu wakamchagua, akaenda bungeni akaungana na wenzake wa TANU kama kawaida na nchi haikupasuka. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Leo Sarwatt asingepewa hata fomu.