Kitasa kibovu umeniuzia wewe, halafu nikulipe tena?

Jamani hili la kulipia apdeti za usalama, zile za kuziba matundu ya programu, linanikera. Fitcha mpya nitalipa nikiipenda, ila tundu la usalama si fitcha, ni kosa lililokuwemo tangu siku ile nanunua, sema tu hakuna aliyeliona. Fundi kanifungia mlango, kitasa kinafunguka kwa njiti ya kiberiti, namuita ananiambia sawa nakuja, tanguliza hela!

Chukulia Windows 10, programu ya Microsoft inayoendesha kompyuta. Apdeti za bure zilikata tarehe 14 Oktoba 2025, ukitaka kuongezewa mwaka mmoja mtu binafsi ni dola 30, kampuni ni dola 61 kwa kila mashine na mwaka unaofuata bei inadabo. Sasa njoo steshenari ya mtaani kwetu, mashine ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, i5 ya kizazi cha sita, used, na kila mteja anachomeka flashi yake hapo hapo, huyu CV, yule barua ya kuomba mkopo, kirusi kikiingia asubuhi jioni kimeshafika Mbagala. Windows 11 rasmi haipandi hapo, kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Hata tukimhesabia mwenye duka kama mtu binafsi hizo dola 30 ni zaidi ya sh 70,000, kopi moja sh 100, yaani apige kopi 700 na sijatoa wino, karatasi wala luku.

Ndio najua kuna njia ya bure, unaingia na akaunti ya Microsoft unakubali settings zako zihifadhiwe kwao. Ila wenzetu wa Ulaya watetezi wa walaji walipiga kelele wakaondolewa hata hilo sharti la kuhifadhi. Hapo ndo nilipochoka. Kumbe inawezekana!

Mtu ataniambia programu ya miaka 10 huwezi kuihudumia milele. Sawa kabisa, wangeacha kutengeneza ningeelewa, ila dawa wanaipika kila mwezi kwa ajili ya wanaolipa, ipo tayari kwenye seva, wengine ndo tunafungiwa nje. Mei 2017 WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai hela, ilipopiga hospitali za Uingereza mpaka miadi ya wagonjwa ikafutwa, Windows XP ilikuwa imeachwa tangu Aprili 2014 na wenye mkataba wa kulipia tu ndo walikuwa bado wanahudumiwa, moto ulipowaka ndo apdeti ya XP ikamwagwa bure kwa wote. (Tuseme ukweli, wengi walioumia walikuwa na Windows 7, wao dawa ya bure ilikuwepo tangu Machi wakaichunia.) Na kile kirusi hakikusubiri mtu abonyeze kitu, kilitambaa chenyewe mashine hadi mashine, kwahiyo mmoja asiye na dawa anawahatarisha wenzake wote wasio nayo.

Juzi nikamuuliza mwenye steshenari atafanyaje. Akacheka. "Kaka, unaprinti kurasa ngapi?"