Seli ya nakala moja haimjui mtoto wa AS

Mjomba wangu wa Liwale anafuga nyuki tangu sijazaliwa. Akifungua mzinga hukuonyesha kwa ncha ya kisu vijumba vya nyuki dume: vifuniko vyake vimetuna, vikubwa kuliko vya wenzao. Ndiye aliyenifundisha kwamba malkia asiyepandwa hutaga madume matupu. Kumbe nyuki dume hatoki kwenye yai lililorutubishwa. Hana baba. Ana kromosomu 16 za mama yake basi, wakati nyuki mfanyakazi ana 32. Kila jeni anayo moja, na ikiharibika hakuna nyingine ya kuisitiri kasoro.

Hapo ndipo ulipo msingi wa seli shina za kiinitete (seli za mimba changa kabisa, zinazoweza kugeuka seli ya aina nyingi) zenye nakala moja ya kila jeni, zile ambazo wanasayansi huziita za haploidi. Mwaka 2011 Martin Leeb na Anton Wutz, wakiwa Cambridge, walizipata kwa panya. Mwaka 2016 watafiti wa Jerusalem na New York wakazipata kwa binadamu, zina kromosomu 23 badala ya 46. Yai ambalo halijakutana na mbegu ya kiume huchokozwa maabara mpaka lianze kugawanyika, kisha seli zilizobaki na seti moja huchujwa na kukuzwa.

Faida yake niliielewa kupitia mmea ninaoujua. Mbegu za mnyonyo, huu huu unaojiotea nyuma ya nyumba zetu, zina sumu kali iitwayo risini. Mwaka huo huo wa 2011, watafiti wa Vienna waliharibu jeni kwa kubahatisha katika seli nyingi za panya zenye nakala moja, kisha wakazitia risini. Zilizonusurika wakazichunguza, na jeni iitwayo Gpr107 ikaonekana imeharibika tena na tena. Sumu ilikuwa inaihitaji jeni hiyo ili iue. Katika seli ya kawaida usingeona kitu, kwa sababu nakala ya pili ingeendelea kufanya kazi na seli ingekufa kama nyingine. Hakuna aliyeitaja jeni hiyo kabla. Seli zenyewe ndizo zilizoitaja. Kwangu hiyo ni nguvu kubwa sana.

Wanaozitilia shaka nao wana hoja. Seli hizi hazitulii: zikiachwa hujirudufu zenyewe zikawa na seti mbili zinazofanana, ikabidi zichujwe kwa mashine kila mara. Zile zinazotokana na yai peke yake hazina alama za kuwasha au kuzima ambazo jeni fulani huzipata kwa baba tu. Kwa binadamu kuna pia suala la mayai: yanatoka kwa wanawake, na ridhaa yao lazima iwe ya kweli. Tena tangu 2014 mkasi wa CRISPR, yaani kifaa cha maabara cha kukata jeni iliyochaguliwa, unatumika kukata nakala zote mbili za maelfu ya jeni katika seli za kawaida, basi kwa nini kuhangaika? Hoja hii ya mwisho nzito, ila hainishawishi yote. Mkasi mara nyingine hukata nakala moja ukaiacha ya pili nzima, na hilo ndilo tatizo ambalo seli ya nakala moja haina.

Linaloniuma mimi ni jingine. Hapa Lindi nimekesha na jirani yangu, mwanawe wa mwaka mmoja akilia kwa maumivu, vidole vya mikono vimevimba hata hakunjiki ngumi. Selimundu. Baba mzima wa afya, mama mzima wa afya, wote wawili AS bila kujua, yaani kila mmoja ana nakala moja nzima ya jeni hiyo (A) na moja ya selimundu (S). Mtoto alichukua S kwa kila mmoja. Angechukua moja tu, kwa kawaida asingeumwa, tena angekuwa na kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Sasa iweke jeni hiyo katika seli ya nakala moja: utapata A, au utapata S. AS huipati kamwe. Hali waliyo nayo wazazi wale, na watu wengi wa pwani hii yenye malaria, seli hiyo haiwezi kuibeba. Ndiyo maana nasema itumike kama chekeche la kwanza tu. Jibu lake lirudishwe kupimwa kwenye seli zenye nakala mbili kabla mtu hajatuambia lolote kuhusu ugonjwa.

Ila ndani ya damu hiyo hiyo yumo kiumbe ambaye njia hii inamfaa kabisa. Kimelea cha malaria, kikiwa mwilini mwetu, chenyewe kina seti moja: kromosomu 14. Mwaka 2018 watafiti walikiharibu jeni zake kwa kubahatisha vilevile, wakakuta takribani 2,680, kati ya zaidi ya 5,000, ambazo kikizikosa hakiishi ndani ya damu. Dawa mpya zianze kutafutwa kwenye orodha hiyo. Kinga ya mtoto wa AS itafutwe kwenye damu ya mtoto wa AS.