Kikao cha Saa Moja na Nusu Kisubiri

Saa moja na nusu asubuhi, zamu ya usiku inapokabidhi wodi, inchaji, yaani muuguzi anayeongoza wodi, anatakiwa awe amesimama kando ya kitanda cha mgonjwa. Asiwe stoo, wala kwa metroni, wala kwenye kikao cha takwimu. Nina miaka saba nikiwa muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania, na hili nalisema nikijua kuna wakubwa zangu litawaudhi.

Kuna asubuhi moja siisahau. Nesi wa usiku alikuwa amezalisha kina mama kadhaa akiwa na mhudumu mmoja tu, macho yamemwiva kwa kukesha. Tulipofika kitanda cha tisa akasoma faili: uzazi wa nne, amejifungua saa kumi alfajiri, mtoto ananyonya, mama anaendelea vizuri. Yote yalikuwa kweli pale alipoyaandika. Mama mwenyewe alikuwa kimya, kajifunika khanga hadi kidevuni. Nikamsalimia, "Mama, umeamkaje?" Midomo ikacheza tu bila sauti, imepauka.

Nikamwomba ruhusa, nikafunua khanga. Pedi imelowa, shuka limelowa, damu imetuama kwenye mpira uliotandikwa juu ya godoro. Nikaweka mkono chini ya kitovu. Mfuko wa uzazi ambao saa ile ulipaswa kuwa umekaza, mgumu kabisa, ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Nikaanza kuusugua huku naita majina: mmoja alete oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, mwingine aweke dripu, mwingine amkimbilie daktari. Damu ikakata. Kabla ya saa tatu yule mama alikuwa anaulizia chai.

Tunafundishwa kwamba mama aliyejifungua kawaida akipoteza zaidi ya mililita 500 za damu yuko hatarini. Lakini faili halivuji damu. Ukipokea wodi mezani, kwa kusomewa daftari, unapokea hali ya saa mbili zilizopita.

Nieleweke vizuri, sizikatai karatasi zote. Oksitosini ile ilifanya kazi kwa sababu kuna mtu alikuwa anaandika joto la friji asubuhi na jioni. Dawa hiyo hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme ukikatika ikapata joto muda mrefu hupungua nguvu, na kwa macho hutaitambua, kichupa ni kilekile na maji ni yaleyale. Karatasi ya friji naijaza kwa moyo mmoja. Hata takwimu za mwezi nazikubali; bila takwimu sahihi hata maombi yetu ya Bohari ya Dawa yanakuwa ya kukisia. Ninachogombea ni saa. Takwimu za mwezi uliopita hazitakufa zikisubiri hadi saa tatu.

Tatizo lina mizizi katika namna tunavyoteuliwa. Wengi wetu tulipewa uinchaji kwa sababu tulikuwa wachapakazi kitandani. Unaitwa ofisini, unapewa funguo za kabati la dawa kali na daftari la vifaa, unaambiwa kuanzia Jumatatu wodi ni yako. Hakuna aliyekaa nami kunifundisha kupanga ratiba ya zamu. Yangu naiandika kwa penseli, maana kabla ya wiki kuisha huyu mtoto wake kalazwa, yule kafiwa, mwingine ana mitihani ya chuo na ameomba zamu nne za usiku mfululizo. Na baada ya yote hayo bado unahesabiwa kuwa muuguzi wa zamu mwenye vitanda vyake. Kwa hiyo kitu kimoja lazima kianguke, na kinachoanguka ni kile kisichodaiwa na mtu kwa simu: kumfunua mama khanga.

Ningekuwa na sauti ningeomba mambo mawili. Inchaji asihesabiwe kwenye idadi ya wauguzi wa zamu angalau siku mbili kwa wiki, siku hizo ndizo amalize ratiba, maombi ya vifaa na tathmini za watumishi. Na kikao chochote cha hospitali kisianze kabla ya makabidhiano kwisha. La pili halihitaji hata shilingi moja.

Yule nesi wa usiku nilimkuta baadaye chumba cha mashuka, analia. Nilimwambia, "Mdogo wangu, wodi nzima umekaa nayo peke yako. Aliyetakiwa kukuongezea mtu ni mimi, na sikukuongezea." Sikumwandikia barua ya onyo. Nilichobadilisha ni utaratibu: siku hizi anayekabidhi na anayepokea wote wawili wanaweka mkono tumboni kwa kila mama aliyejifungua usiku huo, na wote wawili wanaangalia pedi. Kwa vitanda ishirini inatuchukua kama dakika arobaini, na mwanzoni walinung'unika. Sasa nikichelewa nawakuta wameshaanza, na yule binti ndiye anayewaelekeza wanafunzi mahali pa kuweka kiganja.

Kikao kikipangwa saa moja na nusu, naingia saa mbili na robo, naomba radhi, natafuta kiti cha nyuma.