Mtafuta kazi asinong'one

Natafuta kazi. Nimemaliza shahada ya uzamivu katika sayansi ya mitandao, naishi Dar es Salaam, na ninachotaka ni nafasi ya utafiti au ya uchambuzi wa data katika taasisi ya afya, benki, kampuni ya simu au chuo. Kwetu maneno kama hayo hayasemwi hadharani. Mtu asiye na kazi humnong'oneza mjomba, dada yake na rafiki aliyekaa naye bweni moja. Wengine wakimuuliza, jibu ni "nipo tu, namshukuru Mungu." Kuna aibu ndani yake, na kuna hofu: ukitangaza halafu ukakosa, mtaa mzima utajua umekosa. Msimamo wangu ni kwamba kunong'ona huko kunatugharimu kuliko aibu yenyewe, na sababu nimeipata kwenye fani yangu.

Sayansi ya mitandao haihusu intaneti tu; huchukua chochote chenye wahusika na mahusiano, iwe ni watu na simu wanazopigiana, miji na mabasi yanayoiunganisha, au mawakala na pesa wanazotumiana, ikakichora kwa nukta na mistari. Kisha inauliza maswali ambayo huwezi kuyajibu kwa kumtazama mhusika mmoja mmoja. Nani akiondoka kundi linakatika? Habari ikianzia hapa itamfikia nani mwisho? Hesabu zake ni za siku nyingi, tangu mwanahisabati Euler na fumbo lake la kuvuka madaraja ya mji wa Königsberg mwaka 1736, lakini uhai wake wa sasa ulianza mwaka 1998 na 1999, watafiti Watts na Strogatz walipochapisha kazi yao juu ya mitandao, wakafuatiwa na Barabási na Albert. Kompyuta za kuchora mamilioni ya mistari zikawa zimepatikana.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alikuwa ameshachapisha jambo ambalo kila mtafuta kazi angepaswa kulijua. Aliwahoji watu wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadili kazi. Kwa wale waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, aliuliza walikuwa wakionana naye kwa kiasi gani. Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara. Asilimia 55.6 walisema mara moja moja, na 27.8 walikuwa hawaonani naye ila kwa nadra sana. Sampuli ilikuwa ndogo, lakini maelezo yake ni mepesi na hadi leo yanasimama: ndugu na marafiki zako wa karibu wanajuana wao kwa wao, kwa hiyo anachokijua mmoja wameshakijua wote. Habari mpya huja na mtu mnayekutana msibani au harusini.

Mwaka 2022 jambo hili lilipimwa upya kwa majaribio ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, yaliyogusa watu zaidi ya milioni 20 katika miaka mitano. Mtandao ule ulibadilishabadilisha namna unavyowapendekezea watumiaji watu wa kuunganishwa nao, watafiti wakaangalia nani alihamia kazi gani. Uhusiano dhaifu ulisaidia kuliko wa karibu, ila dhaifu kupita kiasi nao ulipungua nguvu. Wenye faida zaidi walikuwa watu mnaofahamiana kiasi, mna marafiki wachache mnaoshirikiana. Kwa maisha yetu, huyo ni mtu uliyesoma naye kozi moja tu ya takwimu, au yule mliyekaa meza moja kwenye warsha ya Morogoro. Ndiye mtu ambaye hatumwambii kamwe kwamba tunatafuta kazi.

Najua mtu wa Dar atakavyonijibu: "Ndugu yangu, hapa kazi ni koneksheni." Na hajakosea. Granovetter alikuwa anazungumzia habari za kazi zinavyosafiri, ilhali koneksheni tunayoilalamikia inahusu nani ana uwezo wa kukuingiza. Tofauti hii aliipima mwanasosholojia Yanjie Bian kwa data za mji wa Tianjin, China, zilizokusanywa mwaka 1988, wakati ambapo kazi ziligawiwa na viongozi wa serikali. Alikuta mambo kinyume na ya mji wa Newton. Watu walipata kazi kwa mahusiano ya karibu, na mara nyingi kupitia mtu wa kati ambaye pande zote mbili zilimwamini, kwa sababu kumpendelea mtu ni hatari na hatari haibebwi kwa ajili ya mtu usiyemjua vizuri. Makala yake ya 1997 ndiyo ninayowapa wanaosema koneksheni ni tabia mbovu ya Waafrika. Ni umbo linalojitokeza popote ambapo nafasi ni chache na anayezigawa hawajibiki kueleza kwa nini amempa huyu akamwacha yule.

Kwa hiyo soko letu lina sehemu mbili, na ushauri wa "jenga mtandao wako" unazichanganya. Kwenye sehemu ya kupendelewa, mimi sina mjomba, na sitakuwa naye hata nikihudhuria makongamano yote. Sehemu ya habari ndiyo ninayoiweza, na kuiweza maana yake ni kusema wazi ninafanya nini ili yule wa warsha ya Morogoro anikumbuke siku akisikia kitu. Hapa fani yangu ina tatizo la ziada. Sijaona tangazo la Kiswahili linalotaka mwanasayansi wa mitandao. Kazi ipo, ila imejificha chini ya majina mengine: mchambuzi wa data, afisa wa takwimu, mtaalamu wa kudhibiti udanganyifu, mtafiti wa epidemiolojia, yaani uenezi wa maradhi. Injini ya kutafutia ajira hailijui hilo. Binadamu anayejua ninachofanya analijua.

Basi nieleze ninachofanya. Nasoma namna mawakala wa pesa za simu wanavyookoana.

Wakala ana akiba mbili, keshi kwenye droo na floti kwenye laini. Mteja akiweka pesa, keshi inaongezeka na floti inapungua. Akitoa, ni kinyume chake. Ukikaa karibu na soko, asubuhi wafanyabiashara wanaweka ili wawalipe wanaowaletea mzigo, na floti inakauka mapema. Kwenye mitaa ya makazi mwisho wa mwezi inayokauka ni keshi. Njia rasmi ni kwenda kwa wakala mkuu au benki, ambayo ina foleni, nauli, na kibanda kilichofungwa wakati wateja wanapita. Njia niliyoikuta Temeke na Mbagala ni simu kwa jirani: "Dada, una floti ya laki mbili? Namtuma kijana na keshi sasa hivi." Floti inaingia kabla kijana hajafika. Hakuna risiti. Ni mkopo wa dakika kumi unaosimama juu ya imani, na unafanyika hata kati ya watu wanaogombea wateja wa mtaa mmoja.

Ukichora mawakala kwa kutumia nyaraka rasmi, unapata mti: wakala mkuu juu, wadogo chini, kila mmoja na mstari wake mmoja. Ukichora kwa kuwauliza wenyewe, unapata umbo lingine kabisa, lenye mistari mingi ya kando kwa kando. Maswali yangu yako kwenye mistari hiyo ya kando. Wakala mwenye laini za kampuni tatu akifunga kibanda kwa wiki, nani anakwama? Je, kuna watu ambao wengine wote huwategemea wakati wao wenyewe hawamtegemei mtu? Wakala mpya huchukua muda gani kuingizwa kwenye mzunguko, na anaingizwa na nani? Nimelazimika kuuliza kwa daftari kwa sababu kumbukumbu za kampuni zinaonyesha nusu tu ya muamala: floti inaonekana imehama, keshi aliyobeba kijana haionekani popote.

Nilipoeleza haya kwenye usaili mmoja, mjumbe wa jopo aliniuliza kama huo si utafiti wa vibanda. Ni utafiti wa vibanda, ndiyo. Wachumi William Jack na Tavneet Suri walionyesha mwaka 2014, kwa data za Kenya, kwamba kaya zilizotumia M-Pesa zilipopatwa na janga kama ugonjwa au kupoteza kazi hazikulazimika kupunguza matumizi yao, wakati kwa kaya zisizotumia yalishuka kwa takriban asilimia 7. Pesa za ndugu ziliwafikia haraka na kutoka kwa watu wengi zaidi. Pesa hizo zote zinatolewa kwenye kibanda. Kibanda kisipokuwa na keshi siku hiyo, msaada wa ndugu unabaki kuwa tarakimu kwenye simu.

Na udogo wa data si aibu. Watafiti wa Kilifi, Kenya, waliwahi kuwavalisha watu wa kaya tano vihisi vidogo vya kurekodi nani yuko karibu na nani, wakachapisha mwaka 2016, na kazi ile inawasaidia wanaokadiria jinsi maradhi ya njia ya hewa yanavyoenea nyumbani. Ninachokichukia zaidi ni kinyume chake, ile tabia ya vijana wenzangu kupakua data kubwa, kuchora grafu ya rangi nyingi na kutangaza kwamba mtandao wao una umbo la Barabási, yaani nukta chache zenye mistari mingi mno na nyingine zote zenye michache. Watafiti Broido na Clauset walipima mitandao 928 mwaka 2019, na ushahidi wa nguvu kabisa wa umbo hilo ulikuwepo kwa takriban asilimia 4 tu.

Huyo Clauset ndiye aliyechora pia mtandao unaonihusu moja kwa moja: wa vyuo vikuu vya Marekani vinavyoajiriana wahitimu. Mwaka 2015, yeye na wenzake walifuatilia wahadhiri karibu 19,000 wa sayansi ya kompyuta, biashara na historia. Robo tu ya vyuo ilikuwa imezalisha kati ya asilimia 71 na 86 ya wahadhiri wote. Waliopanda, yaani walioajiriwa na chuo chenye hadhi kuliko kile walichosomea uzamivu, walikuwa asilimia 9 hadi 14. Wengine walishuka au walibaki palepale. Kama mistari iko hivyo kati ya vyuo vya nchi moja, mwenye shahada ya Afrika Mashariki anayetuma maombi huko anajua anapanda mlima wa aina gani. Naomba nafasi hizo hata hivyo, wakati mwingine kwa ukaidi tu, lakini nimeacha kusoma kila barua ya "tunasikitika" kama hukumu juu ya akili yangu.

Nyumbani mlango una kipimo chake. Vyuo vya umma vya Tanzania vinataka GPA ya 3.8 ya shahada ya kwanza kwa anayetaka kuanza ualimu wa chuo. Matokeo uliyoyapata ukiwa na miaka ishirini na mbili yanakufuata hata baada ya uzamivu. Kipimo hicho kina ubaya wake, ila kimeandikwa na kila mtu anakiona, na mimi nakiheshimu kuliko tangazo linalobandikwa Ijumaa jioni likifungwa Jumatatu, huku anayetakiwa ameshaonyeshwa meza yake. Tangazo la namna hiyo ni la kutimiza utaratibu. Waajiri wetu wakitaka kupunguza koneksheni, wasianze na semina za maadili. Watangaze mapema, waandike vigezo, wamjibu aliyekosa.

Kuna mlango mwingine ambao haulalamikiwi sana, wa data. Mwaka 2009 kumbukumbu za watumiaji wa simu zaidi ya 770,000 wa Zanzibar zilitumika kukadiria malaria inayoingizwa kisiwani na wasafiri. Mwaka 2012 data za wateja karibu milioni 15 wa Kenya, za kati ya Juni 2008 na Juni 2009, zilionyesha jinsi vimelea vinavyosafirishwa na watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria hadi sehemu kama Nairobi. Ni kazi ninazozipenda, na watafiti waliokuwa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya cha Kenya, ni miongoni mwa waandishi wa hiyo ya pili. Lakini zote mbili ziliongozwa kutoka vyuo vya Marekani. Mtafiti kijana wa Mbagala akitaka kujua watu wa Mbagala wanakwenda wapi, njia yake fupi ni kwenda ng'ambo kwanza.

Sidai kampuni zimwage kumbukumbu za wateja wao mitaani; sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 ipo, na ni nzuri kuwepo. Nadai dirisha la maombi: data zilizojumlishwa na kuondolewa majina, kamati ya kuzikagua, muda unaojulikana wa kupata jibu, na masharti yaleyale kwa mwombaji wa Boston na wa Mbeya. Kampuni itakayolifungua itanikuta kwenye foleni na daftari langu la vibanda, hata kama wakati huo nitakuwa nimeshaajiriwa na mshindani wake.