Hadubini ya Elektroni kwa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza: Ni Lazima?

Idara ya sayansi ya chuo kikuu cha Kisumu au Nakuru inapopata fedha za vifaa, hujikuta ikichagua kati ya hadubini moja ya elektroni, inayotumia miale ya elektroni badala ya mwanga, na hadubini nyingi za mwanga.

Wanaotetea kifaa cha kisasa wana hoja nzito. Katika eneo la malaria kama Kisumu, mwanafunzi hupaka damu kwenye slaidi, huitia rangi ya Giemsa na kuitazama kwa lenzi ya kukuza mara 100 yenye tone la mafuta, naye huona pete ya kimelea ndani ya seli nyekundu. Asichokiona ni vinundu ambavyo Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, huvichomoza juu ya utando wa seli hiyo, kwani vina upana wa nanomita (sehemu za bilioni za mita) 100 hivi au pungufu, ilhali mwanga hushindwa kupambanua vitu vilivyokaribiana kuliko takribani nanomita 200, kikomo alichokieleza mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1873. Vinundu hivyo ndivyo huisaidia seli kung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya damu, hata ubongoni. Mwanafunzi anasimuliwa chanzo cha malaria kali, hakioni.

Hata hivyo, hadubini ya elektroni huhitaji ombwe (nafasi isiyo na hewa) ndani yake, umeme usioyumba na mtaalamu wa kuiendesha. Darasa zima likiletwa mbele yake, mmoja hubonyeza na waliobaki hutazama skrini. Hayo ni maonyesho, si mafunzo kwa vitendo. Isitoshe, mwani wa Arthrospira unaoliwa na heroe wa Ziwa Nakuru huonekana vizuri, misokoto yake yote, kwa hadubini ya kawaida.

Kwangu mimi, kinachofaa kutangulia ni hadubini za mwanga zenye kamera, chache kati yake zikiwa na taa ya LED ya fluoresensi, inayofanya sampuli iliyotiwa rangi maalumu ing'ae, teknolojia ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2011 kwa uchunguzi wa kifua kikuu. Ile ya elektroni inaweza kumilikiwa kwa pamoja na vyuo vya Maseno, Kakamega na Bondo, maana sampuli iliyohifadhiwa kwa kemikali ya glutaraldehaidi hustahimili safari (hata ya matatu). Chuo kinachotaka ya kwake pekee kionyeshe kwanza, kabla ya kutangaza zabuni, nani ataiendesha na ni kifungu gani cha bajeti kitakacholipia matengenezo katika mwaka wa tano.