Taa Ilizimika, Beliti Haikuambiwa

Mjomba ana Hilux Surf ya 1996, injini ya dizeli 1KZ, na ana sera moja tu: taa ya deshibodi ikiwaka, itibiwe taa. Ilipowaka ile ya T-BELT, inayomkumbusha mwenye gari kwamba kilomita 100,000 zimetimia na taimingi beliti ibadilishwe, alimwita kijana wa gereji. Kijana akachokonoa kwa bisibisi nyembamba, taa ikazimika.

"Umeona, mpwa wangu? Na yule fundi mwingine alitaka nimpe hela ya mbuzi!"

Hilo la mbuzi halikuwa utani. Tulikuwa tunajiandaa kupeleka mahari yangu Korogwe, na orodha ya wakwe ilitaka mbuzi wawili. Beliti, tenshena ya kuikaza na ufundi, jumla yake ilikaribia bei ya mmoja. Mjomba akachagua mbuzi.

Tukatoka Dar alfajiri: Mjomba kwenye usukani, shangazi wawili, mshenga na kanzu yake iliyonyooshwa mpaka inakata, mimi, na mbuzi wawili kwenye buti. (Kwetu bwana harusi haendi, lakini pesa ya dizeli ilikuwa mfukoni mwangu.) Tumeshapita Mkata, Mjomba anatueleza jinsi mafundi wa siku hizi walivyo wezi, mara "tak!" Kimya. Usukani ukawa mzito, tukajikokota hadi pembeni.

Mjomba akapiga stata. Ikazunguka upesi, kwa wepesi wa ajabu, bila kukaza hata kidogo.

"Sikieni betri hiyo!" akasema kwa fahari.

Uchunguzi ukaanza. Mshenga akasema dizeli imeingia maji. Shangazi mkubwa akasema kuna mtu, na hamtaji, hataki harusi hii. Shangazi mdogo akawatazama mbuzi kwa jicho baya. Mjomba akazidi kupiga stata, kisha akaamuru tusukume. Tukasukuma kwa moyo wote, mshenga kakunja kanzu hadi magotini, tena kwenye kijimlima, mpaka likasimama lori na utingo akatuuliza kwa upole kama tunajua kwamba gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa hata likifika Tanga.

Utingo huyo alikuwa fundi kuliko mafundi. Akafungua boneti, akatoa kava la mbele, akavuta kitu cheusi kilicholowa oili, meno yamenyofoka.

"Beliti mlibadilisha lini?"

"Taa haijawaka," akajibu Mjomba.

"Taa inahesabu kilomita tu, mzee. Haijui kwamba sili, ile ya kuzuia oili, inavuja na oili inaila raba. Halafu raba inazeeka hata gari likilala. Gari kuukuu usilojua historia yake, ukishalinunua tu unaweka beliti mpya, na tenshena, na sili, ndiyo unaanza kuhesabu." Akatuangalia. "Mmepiga stata sana?"

Kila mtu akapata kitu cha kutazama barabarani.

Akatueleza kwamba kwenye injini hiyo pistoni na valvu hupita sehemu moja kwa zamu, na anayepanga zamu ni beliti. Ikikatika, zinakutana. Sisi tulikuwa tumezikutanisha, kisha tukaendelea kuzikutanisha kwa stata. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu, ilikuwa lazima ishushwe, na kwa hela hiyo, nilivyopiga hesabu kimoyomoyo, ungefungua zizi.

Shangazi mkubwa akaiokota ile beliti, akaipangusa kwa majani, akamfungia mbuzi mmoja shingoni. "Angalau ifanye kazi moja," akasema.

Likabaki suala la kulivuta gari hadi Segera. Bahasha ya mahari haiguswi, na pesa yangu ilikuwa imelala kwenye tangi. Dereva wa lori akachungulia buti, akasema yeye si mtu wa makuu, anapokea chochote. Akaondoka na gari nyuma na mbuzi mbele.

Tukaingia Korogwe saa kumi, kwa basi, tumebanana na mbuzi aliyevaa beliti. Wakwe wakatupokea kwa heshima zote. Msemaji wao akafungua daftari na kuanza kuhakiki: mkaja, upo, blanketi, lipo, mbuzi.

"Mbuzi naona mmoja. Wa pili yuko wapi?"

Mshenga akamtazama Mjomba. Mjomba akakohoa, akakaa sawa.

"Anakuja na gari."